Protini Zenye Sukari na Historia ya Seramu ya Msambweni

Damu inayotolewa mshipani na kuachwa katika chupa isiyotiwa dawa ya kuzuia kuganda huganda kwa muda wa nusu saa hivi. Donge jekundu hushuka chini, na juu yake hubaki majimaji ya rangi ya manjano hafifu. Hayo ndiyo seramu. Lita moja ya seramu ya mtu mzima mwenye afya ina gramu 60 hadi 80 za protini. Zaidi ya nusu yake ni albumini, ambayo kwa asili haibebi sukari. Karibu zote zilizobaki, kuanzia zile zinazosafirisha chuma hadi kingamwili zinazopambana na vijidudu, zimeungana na minyororo ya sukari, nazo huitwa glaikoprotini.

Katika Pwani ya kusini ya Kenya, seramu imekuwa ikichukuliwa na kupimwa kwa miongo kadhaa. Kilichowaleta watafiti Msambweni, Kinango na vijiji vingine vya Kwale si sukari bali maradhi mawili yaliyozoeleka huko: kichocho, na ugonjwa wa matende na busha. Lakini kila kipimo cha macho kilipofika mwisho wa uwezo wake, kilichofuata kilitegemea glaikoprotini. Kwa hiyo historia ya maradhi hayo Kwale haielezeki vizuri bila kwanza kueleza jinsi sukari inavyokaa juu ya protini na kazi inayofanya humo.

Glaikoprotini nyingi za seramu hutengenezwa katika ini. Protini inapokuwa bado inasukwa ndani ya seli, vimeng'enya huibandika mnyororo wa sukari mahali maalumu. Mahali pa kwanza ni kwenye asidi amino iitwayo asparajini, lakini si kila asparajini: ni ile tu inayofuatwa, baada ya asidi amino moja ya katikati, na serini au threonini. Mahali pa pili ni kwenye serini au threonini yenyewe. Aina ya kwanza ndiyo iliyo nyingi katika seramu. Mnyororo wake una kiini cha N-asetiliglukosamini mbili na manosi tatu, kisha hugawanyika matawi yanayoongezewa galaktosi, na nchani mwa matawi huwekwa asidi ya siali, sukari yenye chaji hasi. Sukari hii ya nchani ndiyo iliyokuja kuwa muhimu kuliko zote katika kuelewa maisha ya protini ndani ya damu.

Jambo hili lisichanganywe na lile linalopimwa kwa wagonjwa wa kisukari. Glukosi ikizidi katika damu hujishikiza yenyewe kwenye hemoglobini na kwenye albumini, polepole, bila kimeng'enya na bila mahali palipopangwa. Hiyo ni athari ya wingi wa glukosi, na daktari huitumia kukadiria hali ya kisukari kwa wiki au miezi iliyopita. Glaikoprotini ni kitu kingine: sukari yake imewekwa kwa mpango, na mpango huo umeandikwa katika urithi.

Asidi ya siali ilipatikana mwaka 1936 na Gunnar Blix wa Uppsala, Sweden, kutoka katika ute wa tezi za mate za ng'ombe. Kwa muda mrefu baada ya hapo wanakemia wengi waliiona sukari ya protini kama pambo tu. Mtazamo huo uligeuzwa na Gilbert Ashwell na Anatol Morell wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Walichukua seruloplasmini, glaikoprotini ya buluu inayobeba shaba, wakaiondolea asidi ya siali na kuirudisha katika damu ya sungura. Seruloplasmini ya kawaida ilibaki katika mzunguko kwa siku kadhaa. Ile iliyonyang'anywa asidi ya siali ilitoweka ndani ya dakika chache, na yote ilionekana imekwenda kwenye ini. Bila kifuniko cha asidi ya siali galaktosi hubaki wazi, na seli za ini zina kipokezi kinachoishika galaktosi hiyo na kuivuta ndani pamoja na protini yake. Sukari, kumbe, ndiyo inayoamua protini ikae katika damu kwa muda gani.

Kazi za glaikoprotini zenyewe ni nyingi. Transferini hubeba chuma, atomi mbili kwa kila molekuli, na kukipeleka kwenye uboho kinakohitajika kutengenezea chembe nyekundu. Orosomukoidi, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni sukari, huongezeka maradufu au zaidi mwili unapopatwa na uvimbe au maambukizi. Kingamwili zote ni glaikoprotini pia. Ile iliyo nyingi zaidi, IgG, ina sukari kidogo tu, lakini sukari hiyo ikiondolewa kingamwili hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuziita seli za ulinzi.

Haptoglobini inastahili kuzungumziwa zaidi, kwa sababu katika nchi za malaria ina kazi isiyokwisha. Ilielezwa mwaka 1938 na Michel Polonovski na Max-Fernand Jayle wa Ufaransa. Chembe nyekundu inapopasuka humwaga hemoglobini, na hemoglobini ikiwa huru huumiza figo na kupoteza chuma kwa njia ya mkojo. Haptoglobini huishika kwa nguvu, na mshikamano wao huondolewa haraka kutoka katika damu. Malaria hupasua chembe nyekundu kwa wingi, kwa hiyo mtoto anayeugua mara kwa mara huweza kukutwa haptoglobini yake imepungua sana au haionekani kabisa. Ini limeitengeneza, nayo imetumika yote.

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ni mmoja wa waliolifuatilia jambo hili. Mwaka 1949 alikusanya damu ya watu wa sehemu mbalimbali za Kenya na kuona kwamba selimundu, yaani chembe nyekundu zenye umbo la mundu, zilikuwa nyingi Pwani na karibu na Ziwa Victoria, na chache nyanda za juu, mahali ambapo malaria ni haba. Alichapisha hoja yake juu ya malaria na selimundu mwaka 1954. Miaka minne baadaye, pamoja na Baruch Blumberg na mwenzao mwingine, alitangaza aina za haptoglobini walizozipata kwa Waingereza, Wabaski na Wanigeria. Suala hilo lilirudi Pwani ya Kenya baada ya zaidi ya nusu karne: mwaka 2014 watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba aina ya haptoglobini aliyoirithi mtoto huathiri hatari ya malaria kali, lakini athari hiyo hutegemea pia kama amerithi thalasemia ya alfa, kasoro ya hemoglobini. Ni onyo zuri kwa yeyote anayetaka kusoma protini moja ya seramu kana kwamba iko peke yake.

Kwale yenyewe iliingia katika historia hii kwa mlango wa kichocho. Kichocho cha mkojo huletwa na mnyoo Schistosoma haematobium, ambao jike na dume wake huishi wameshikana ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai hupenya kibofu na kutoka na mkojo, mara nyingi pamoja na damu. Yakifika majini hutoa viluwiluwi vinavyoingia katika konokono, na konokono hutoa vingine vinavyopenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kuteka maji. Katika eneo la Msambweni konokono wa kazi hii ni wa jenasi Bulinus, hasa Bulinus nasutus na Bulinus globosus, wanaoishi katika mabwawa, hata yale yanayokauka kiangazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ikishirikiana na Wajapani, ilifanya uchunguzi wa kichocho katika kijiji cha Mwachinga, Kwale. Watafiti hawakuhesabu mayai tu. Walikaa pembeni mwa maji na kuandika nani anaingia, saa ngapi, na kufanya nini. Katikati ya miaka hiyohiyo ukaanza mradi wa Msambweni, ulioendeshwa na idara ya serikali ya Kenya inayoshughulika na magonjwa yanayoenezwa na wadudu pamoja na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Cleveland, Marekani. Charles King, Eric Muchiri na John Ouma ni kati ya majina yanayoonekana mara kwa mara katika maandishi yake. Watoto wa shule walipewa dawa kwa makundi: wengine metrifoneti mara tatu kwa mwaka, wengine prazikwanteli mara moja kwa mwaka. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1988, na muhtasari wa mradi mzima mwaka 1996. Dawa zote mbili zilipunguza maambukizi, na prazikwanteli ilikuwa na faida ya kutosha kwa dozi moja. Katika miaka hiyohiyo Pwani ya kusini ilikuwa pia uwanja wa majaribio ya pampu za mkono za visima, na pampu ya Afridev, inayotumika leo katika nchi nyingi, ilipata sehemu ya umbo lake hapa. Kisima kilichofunikwa kilikuwa na maana kwa kichocho sawa na dawa, kwa kuwa konokono hawaishi ndani ya pampu.

Kipimo kilichotegemewa katika kazi zote hizi kilikuwa yai. Mkojo ulichukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Mililita 10 zilisukumwa kwa bomba la sindano kupitia chujio chembamba, chujio likawekwa juu ya kioo, na mayai yenye mwiba nchani yakahesabiwa moja moja chini ya hadubini. Ni kazi rahisi, bei yake nafuu, na isiyohitaji umeme mwingi. Udhaifu wake unajulikana na kila aliyeifanya. Mayai ya mtu huyohuyo hubadilika sana kutoka siku hadi siku. Mwenye minyoo michache anaweza kutoa mkojo mara tatu bila yai kuonekana. Na baada ya dawa kugawiwa, wengi wa waliobaki na ugonjwa huwa ni hao wenye minyoo michache, yaani kipimo hudhoofika wakati hasa kinapohitajika zaidi.

Njia ya kuupita udhaifu huo ilipatikana katika seramu. Mnyoo wa kichocho hula damu, na kwa kuwa utumbo wake una mlango mmoja tu, kila baada ya saa chache hutapika mabaki ndani ya mshipa anamoishi. Katika matapishi hayo mna glaikoprotini zinazotoka kwenye utando wa utumbo wake. Mwaka 1969 wanasayansi walitangaza kwamba damu ya wanyama wa maabara walioambukizwa ina antijeni, yaani kitu kinachotambuliwa na kingamwili, inayotoka kwa mnyoo, na mwaka 1976 André Deelder na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walitenganisha antijeni mbili za namna hiyo kwa umeme. Moja ilikimbilia upande wa anodi, ikaitwa CAA. Nyingine upande wa kathodi, ikaitwa CCA.

Sababu ya CAA kukimbilia anodi ni sukari yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba juu ya threonini zake kuna minyororo mirefu ya N-asetiligalaktosamini, na kila moja ya hizo imebandikwa asidi ya glukuroni yenye chaji hasi. Mpangilio huo haujulikani kwa binadamu wala kwa vimelea vingine vya kawaida, kwa hiyo kingamwili ya maabara inayoutambua haidanganyiki kwa urahisi. CCA ina hadithi tofauti. Minyororo yake imejaa sukari tatu zilizopangwa kwa namna ileile inayopatikana juu ya chembe nyeupe za binadamu mwenyewe. Mgonjwa anapotengeneza kingamwili dhidi ya sukari hiyo ya mnyoo, baadhi yake huweza kuzigeukia chembe zake nyeupe. Mnyoo umejivika sukari ya mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayelipa.

Wingi wa sukari ndio unaofanya CAA iweze kupimwa. Fundi wa maabara huchanganya seramu na asidi ya trikloroasetiki. Papo hapo majimaji yaliyokuwa angavu hugeuka meupe kama maziwa: albumini, kingamwili na karibu protini zote za mgonjwa huganda na kuzama mashine inapozungushwa. CAA haigandi. Minyororo yake huifanya ibaki imeyeyuka katika majimaji ya juu, safi, ikiwa imeachana na kingamwili za mgonjwa zilizokuwa zimeishikilia na kuificha. Majimaji hayo ya juu ndiyo yanayopimwa. Ugumu ambao ungeonekana kuwa kikwazo kwa mwanakemia umegeuka kuwa njia ya kumpata mnyoo aliye hai, kwa sababu dawa ikiwaua minyoo, CAA hupungua na kutoweka katika seramu kwa muda wa wiki chache, ilhali kingamwili hubaki kwa miaka.

Ushirikiano wa Leiden ulifika Mkoa wa Pwani. Mwaka 1999 watafiti wa Kenya, pamoja na Deelder na wenzao wa Ulaya, walichapisha matokeo ya watoto wa Pwani waliopimwa antijeni za yai katika mkojo, ambazo nazo hutambuliwa kwa sukari zake. Walizilinganisha na hesabu ya mayai, damu katika mkojo na hali ya kibofu, kabla ya dawa na baada yake. Swali lao lilikuwa la kitabibu hasa: si mtoto ana minyoo mingapi, bali minyoo hiyo imemdhuru kiasi gani.

Ugonjwa wa pili, wa matende na busha, ulionyesha jambo hilohilo kwa namna kali zaidi. Minyoo ya Wuchereria bancrofti huishi katika mishipa ya limfu, na watoto wake huingia katika damu ya pembeni usiku, kuwangoja mbu wanaouma usiku. Kwa hiyo kwa miongo mingi uchunguzi ulifanyika baada ya saa nne usiku: meza, taa, sindano, na watu walioamshwa usingizini kutoa tone la kidole. D. J. B. Wijers na wenzake walifanya hivyo kwa wanaume wa Pwani nzima ya Kenya, na kuchapisha matokeo yao kuanzia mwaka 1977. Matende na busha ni maradhi ya aibu, na mwenye busha mara nyingi hakutaka kuonekana katika msururu huo. Huenda hesabu za usiku zilimkosa mara nyingi.

Minyoo wazima wa matende pia humwaga glaikoprotini katika damu, na hiyo haina usiku wala mchana. Katika kipimo kimoja kilichotumika sana tangu miaka ya 1990, seramu huchemshwa kwa dakika tano. Protini za mgonjwa huganda, antijeni ya mnyoo yenye sukari hustahimili joto na kubaki katika majimaji. Ni mantiki ileile ya asidi na CAA.

Tofauti ya macho na sukari ilipimwa wazi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na watafiti wa Kenya, Tanzania na Denmark. Walilinganisha vijiji viwili: Masaika, mkoani Tanga, na Kingwede, Kwale. Huko Masaika watoto wa minyoo walionekana katika damu ya usiku ya asilimia 24.9 ya watu, na antijeni katika seramu ya asilimia 52.2. Huko Kingwede hadubini ilitoa asilimia 2.7 tu, lakini antijeni ilitoa asilimia 16.5. Kwa hadubini, Kingwede ingehesabiwa kuwa karibu salama. Kwa antijeni, mtu mmoja kati ya kila sita alikuwa na mnyoo mzima mwilini. Sehemu ya maambukizi iliyofichika ilikuwa kubwa zaidi, kwa uwiano, pale ambapo ugonjwa ulionekana kuwa mdogo.

Wakati huohuo watafiti wa Msambweni walikuwa wamegeukia damu ya kitovu. Indu Malhotra na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1999, walionyesha kwamba baadhi ya watoto wachanga wa Kwale huzaliwa wakiwa tayari na seli za ulinzi zinazozitambua antijeni za kichocho na za matende. Hawakuwa wameumwa na mbu wala kuingia bwawani. Mama zao ndio waliokuwa na minyoo. Kazi iliyofuata, ya mwaka 2003, iliwafuata watoto wakubwa na kukuta kwamba wale ambao mama zao walikuwa na minyoo ya matende walielekea zaidi kuwa na antijeni yake katika damu. Uvumilivu wa mwili kwa mnyoo unaweza kuanza tumboni.

Kampeni ya kugawa dawa za matende kwa watu wote ilianza Kilifi mwaka 2002 na kufika Kwale mwaka 2003, kwa dawa za DEC na albendazoli. Ilikatika miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa mwaka 2015. Kabla ya kuirejesha, timu ya KEMRI iliyoongozwa na Sammy Njenga ilipima vituo vya kaunti za Pwani, Kwale ikiwemo, kwa kipimo cha haraka cha antijeni. Kiwango kilikuwa kimeshuka sana kwa jumla, na kilichobaki juu zaidi kilionekana kisiwani Ndau, Lamu.

Kwa kichocho mabadiliko ya kipimo yamekuwa ya polepole. Kipimo cha haraka cha CCA kwa mkojo hufanya kazi vizuri kwa kichocho cha tumbo, lakini si kwa kile cha mkojo kilichoenea Kwale. CAA hufaa kwa vyote viwili. Mwaka 2015 ilithibitishwa Zanzibar kwamba huwapata wengi ambao chujio huwakosa, ila huhitaji maabara yenye vifaa vya kusoma chembe zinazong'aa. Kwale ingali inaihitaji: uchunguzi wa watoto wa shule uliochapishwa mwaka 2017 na watafiti wa KEMRI na Chuo Kikuu cha Nagasaki ulikuta karibu mmoja katika kila watatu ana mayai ya kichocho katika mkojo, na hao ni wale tu walioonekana kwa hadubini.